Maombolezo: sala ya anayemlalamikia Mungu

Katika teolojia ya Kikristo, maombolezo ni sala ya mtu anayeteseka ambaye hajanyamaza wala hajamwacha Mungu. Anamlalamikia Mungu mwenyewe, waziwazi. Wengi wetu hatukulelewa hivyo. Ukienda msibani, iwe Kampala au Arua, utasikia "kazi ya Mungu haina makosa", na aliyefiwa ataambiwa ajikaze asije akakufuru.

Biblia haina haraka hiyo. Kati ya Zaburi 150, takriban theluthi ni vilio vya namna hii. Nyingi hugeuka mwishoni zikawa sifa; ya 88 haigeuki, inaishia gizani, na hakuna aliyeitoa kitabuni. Yesu naye msalabani alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?"

Lakini mkali kuliko wote ni Ayubu, mtu mwema aliyepoteza watoto, mali na afya yake. Rafiki zake walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kusema neno, na hapo walifanya vyema. Walipofungua vinywa, wakaanza kumtafutia dhambi iliyomponza. Sura ya 42 Mungu anawakasirikia wao, waliojifanya mawakili wake, na kusema Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa. Laiti wahubiri wanaomwambia mgonjwa kwamba imani yake ni haba wangeisoma sura hiyo polepole!

Wapo waliotafuta maelezo ya kwa nini uovu upo, bila shaka. Askofu na mwanateolojia Agostino, aliyefariki mwaka 430, alifundisha kwamba uovu haukuumbwa, bali ni upungufu wa wema. Hoja nzuri darasani. Mama aliyetekewa mtoto haimfikii.

Na huku kwetu kina mama hao walikuwa wengi. Wakati wa vita vya waasi wa LRA (Lord's Resistance Army), waliokuwa wakiteka watoto kaskazini mwa Uganda, watoto wa vijiji vya Acholi walitembea kila jioni kwenda kulala mjini Gulu ili wasitekwe. Mwaka 2003 Askofu Mkuu Mkatoliki wa Gulu, John Baptist Odama, na viongozi wenzake wa dini walikwenda kulala nje pamoja nao. Hawakupeleka jibu la kwa nini Mungu ameruhusu. Imani yao ni kwamba Mungu mwenyewe aliteswa ndani ya Yesu, kwa hiyo mahali pa Kanisa ni kando ya anayelia. Wala hawakuishia kulia: waliendelea kuzibana serikali na waasi wazungumze.