Sio kwamba mabinti wanaogopa kompyuta, angalia mausi iko mkononi mwa nani

Kila semina ya walimu ninayoendesha, iwe Chumbageni au Pongwe huku Tanga, lazima atokee mtu aseme "watoto wa kike kompyuta haiwaingii, ndo walivyoumbwa." Jamani nimechoka. ENIAC, ile kompyuta ya Marekani iliyotangazwa 1946, waandishi wake wa mwanzo wa programu walikuwa wanawake sita. Chuo kikuu cha Carnegie Mellon, hukohuko Marekani, wasichana walioingia kusoma kompyuta walikuwa asilimia 7 mwaka 1995, kufika 2000 wakawa asilimia 42. Maumbile hayabadiliki kwa miaka mitano, chuo ndo kilibadilika. Haya, hilo tumemaliza.

Kinachoniudhi zaidi ni yule anayesema "mimi sibagui, kila mtu ruksa kugusa." Ruksa kwa nani mwalimu wangu? Kompyuta moja wanafunzi watano, ukisema tu haya anzeni, kijana ambaye kwao kuna laptop ashavuta kiti na mausi ashaikamata, binti anapewa daftari aandike majibu eti ana mwandiko mzuri, kipindi kinaisha hajabonyeza kitu, wiki ijayo hivyo hivyo, halafu unaniambia hapendi. Atapendaje kitu hajakishika?

Na hapa ndo walimu wengi wanashtuka wakionyeshwa: mvulana akikwama unamwambia "jaribu tena, angalia vizuri," binti akikwama unainama, unachukua mausi, unamfanyia, unaondoka. Unaona umemsaidia, kumbe umemwambia hataweza. Na madamu nao projekta ikigoma wanaita kijana aje achomeke waya, darasa zima linaona.

Kwa hiyo walimu kwenye semina hotuba za jinsia siwapi. Nawapanga wawili wawili, mmoja anafundisha, mwenzie anakaa nyuma na kila dakika tano anaandika mkono wa nani uko kwenye mausi, basi. Wakikaa na ile karatasi wanabishana wenyewe. Halafu darasani mausi inazunguka kwa wanafunzi kwa muda uliopangwa, sio kwa hiari, na ambaye sio zamu yake anaelekeza kwa mdomo tu, mkono marufuku.

Makundi ya wasichana peke yao nayatumia mwanzoni, ila kusema kweli hayajaniridhisha, wakichanganywa tena baadhi wananyamaza vile vile. Halafu kuna wavulana wapole ambao kwao hamna hata simu janja, nao wanasukumwa pembeni, ukihesabu kwa jinsia tu hao huwaoni, ndo maana siku hizi namwomba mwalimu kwenye karatasi aandike jina la mtoto, asiishie kwenye KE na ME.