Kadi Imeandikwa Nini Hasa? Dhana Potofu na Ukweli Kwenye Arkham Horror

Kwenye karata za kushindana, mpinzani ndiye askari wa kanuni. Ukicheza kadi isiyo halali, atakukamata kabla mkono haujaondoka mezani. Kwenye mchezo wa kushirikiana hakuna anayefaidika kwa kukukamata. Wote mko upande mmoja, wote mnataka kupona, na kosa la kusoma kadi likirudiwa jioni tatu mfululizo linageuka kuwa sheria ya meza. Nimelikuta hilo zaidi kwenye Arkham Horror: The Card Game, mchezo wa kutisha uliotolewa na Fantasy Flight Games mwaka 2016, kazi ya wabunifu Nate French na MJ Newman. Naupenda sana mchezo huu, na inaniuma kuona watu wakiuacha kwa kudhani ni wa bahati tupu, ilhali walikuwa wanaucheza kwa kanuni zisizokuwemo kitabuni.

Kwa asiyeujua: ni miaka ya 1920, katika mji wa kubuni wa Arkham, jimbo la Massachusetts, Marekani. Wachezaji 1 hadi 4, kila mmoja akiwa mpelelezi mwenye fungu lake la kadi, wanakusanya dalili kabla maangamizi hayajajaa kwenye kadi ya ajenda. Kila zamu una matendo 3. Ukijaribu jambo, unalinganisha uwezo wako na ugumu wa jambo lenyewe, kisha unachomoa kete moja mfukoni, kipande kidogo chenye namba au alama, nayo inakuongezea au inakupunguzia.

“Uwezo ukilingana na ugumu, ni nusu kwa nusu”

Hii ndiyo dhana inayowagharimu watu kuliko zote, na dawa yake ni kuumwaga mfuko mezani na kuhesabu. Kwa kiwango cha kawaida cha kampeni (mfululizo wa visa) ya kwanza, Night of the Zealot, mfuko una kete 16: +1 moja, 0 mbili, −1 tatu, −2 mbili, −3 moja, −4 moja, mafuvu mawili, kete moja ya waumini wa siri, moja ya kibao, moja ya kufeli papo hapo na moja ya ishara ya kale. Katika kisa cha kwanza, fuvu linakupunguzia pointi moja kwa kila zimwi mla maiti lililopo mahali ulipo, kete ya waumini ni −1, na ya kibao ni −2.

Chukua mahali pasipo na zimwi. Uwezo ukilingana na ugumu, kete zinazokupitisha ni 6 tu kati ya 16: ile +1, zile 0 mbili, mafuvu mawili na ishara ya kale, ambayo haikupunguzii kitu. Hiyo ni asilimia 37.5. Ukizidi kwa pointi 1, zinakuwa 10. Ukizidi kwa 2, zinakuwa 13, yaani zaidi ya asilimia 81. Baada ya hapo utamu unaisha: pointi ya tatu inakuongezea kete moja, ya nne kete moja, na kufeli papo hapo kunabaki palepale hata uwe na uwezo wa 20.

Kwa hiyo pointi hazina thamani sawa. Mbili za kwanza ni dhahabu, za tatu na nne ni za siku ambayo huwezi kabisa kufeli. Mchezaji anayetupa kadi 3 kutoka mkononi kuongeza nguvu kwenye jaribio ambalo tayari amelizidi kwa 2, halafu akaingia kwenye jaribio linalofuata akiwa sawa kwa sawa, amenunua kete mbili na kuziacha saba chini. Na likiwapo zimwi moja mahali hapo, hesabu inakuwa kali zaidi, kwa sababu mafuvu yanageuka −1: sawa kwa sawa unapita kwa kete 4 tu, ila pointi moja ya ziada inakurusha hadi 10. Kadi kama Unexpected Courage, yenye alama mbili zinazokubalika kwenye jaribio lolote, inaonekana nyonge kwa sababu haiachi kitu mezani. Ipime kwa kete, utaiheshimu.

Kuna pia kiasi cha kufeli. Kadi ya Rotting Remains inakupa jaribio la uthabiti lenye ugumu 3, na kwa kila pointi uliyopungukiwa unapata hofu 1, yaani pigo la akili. Kete ya kufeli papo hapo inahesabu uwezo wako wote kuwa 0, kwa hiyo hata mwenye uthabiti 5 anabeba hofu 3. Hapo ndipo mtu hutoa kadi ya Lucky! akiamini ile +2 yake itamwokoa. Haimwokoi. Lucky! inaongeza uwezo, na kete hiyo haiangalii uwezo.

“Bei ya kadi ni ile namba ya kwenye kona”

Namba ya kona ni rasilimali tu. Kadi yenyewe imekula nafasi mkononi, na kuiweka mezani kumekula tendo. Kanuni zinakupa kipimo cha kubadilishia: tendo moja linaweza kukupa kadi moja, au rasilimali moja. Bastola ya .45 Automatic yenye bei 4, ukiifungia kwa kipimo hicho, inakaribia thamani ya matendo 6: kadi 1, rasilimali 4, tendo 1. Inakupa risasi 4, kila moja ikiwa na +1 ya mapigano na dhara 1 la ziada. Ukiangalia madhara peke yake, unaokoa mapigo manne. Kwa hesabu hiyo kavu ni hasara, na nimesoma watu wakiishia hapo.

Hesabu hiyo inasahau mambo mawili. Unaanza na rasilimali 5 na kila duru unaongezewa 1 bure, kwa hiyo rasilimali ambazo hukuzitumia mpaka kisa kinaisha zilikuwa makaratasi tu. La pili, matendo hayalingani thamani. Tendo la duru ya kwanza, nyumba ikiwa tulivu, ni rahisi. Tendo ukiwa mbele ya Ghoul Priest, padri wa mazimwi, mwenye afya 5 kwa kila mpelelezi na kipigo cha dhara 2 na hofu 2, ni ghali mno. Mkiwa wawili ana afya 10. Kwa mikono mitupu hayo ni mapigo 10 yaliyofanikiwa. Kwa bastola ni 6, manne ya risasi na mawili ya mikono, na ana adhabu ya kulipiza kila unapomkosa akiwa hajalazwa, yaani kadi yake haijageuzwa upande. Ile +1 ya mapigano, kama tulivyoona kwenye mfuko, ndiyo nusu ya thamani ya bastola. Panga la Machete lina bei 3, haliishiwi risasi, na linaongeza dhara ikiwa adui huyo ndiye peke yake aliyekuvaa, yaani anayekukabili ana kwa ana. Mimi huanza na panga, bastola namwekea padri. Mwingine atafanya kinyume, na sina ugomvi naye mradi amehesabu.

“Kadi ya kufuta hufuta kila kitu”

Kadi ya Ward of Protection inafuta tukio la ufunuo, lile linalotokea kadi inapochomolewa, la kadi ya hila (balaa la mchezo) uliyoichomoa, kisha unapata hofu 1. Neno ni ufunuo. Kadi ikiwa na agizo la kuchomoa nyingine baada yake, agizo hilo liko palepale, na utachomoa. Haigusi udhaifu wako binafsi pia, yaani kadi mbaya iliyomo kwenye fungu lako mwenyewe. Itunze kwa Ancient Evils, inayosogeza maangamizi mbele. Usiimalizie kwenye kadi ya jeraha moja.

Mengine nayapitia kwa haraka. Ukimshambulia adui aliyemvaa mwenzako ukafeli, madhara yanamwendea mwenzako, kwa hiyo kusaidia ovyo kunaua. Kushindwa kisa hakumalizi kampeni: mpelelezi aliyeangushwa anabeba kovu la mwili au la akili na hadithi inaendelea, mpaka makovu yafikie afya yake au utimamu wake. Kadi yenye agizo la hatari inakuzuia kushauriana wakati wa kuitatua, na wenzako hawawezi kukuongezea kadi.

Halafu ipo Kanuni ya Kikatili, ambayo watu huifanya imani: kila penye utata, jiumizeni. Kitabu hakisemi hivyo. Kinasema kanuni hiyo ni ya pale mliposhindwa kabisa kupata jibu la mgongano wa kanuni au wa wakati. Hapo ndipo mnachagua lililo baya zaidi kwenu, mchezo usonge. Adui akiwa na njia mbili zilizo sawa, huo si utata, mpelelezi kiongozi ndiye anayechagua, na anaruhusiwa kuchagua yenye nafuu. Nimeona meza ikijimaliza kwa miezi kwa kumpeleka kila adui kwa aliyejeruhiwa zaidi, wakiamini ndiyo nidhamu.

“Shambulio la upenyo ni hasara siku zote, na hofu haina faida”

Adui akikuvaa na yuko macho, ukifanya tendo lolote lisilo kupigana, kukwepa, kuzungumza naye au kujiuzulu, anakupiga. Kuchomoa silaha ni tendo, utapigwa. Kadi ya haraka si tendo. Hupigwi, ila haraka haina maana ya wakati wowote: kadi ya haraka inayobaki mezani unaiweka katika zamu yako tu. Na adui aliyekupiga kwa upenyo halazwi baada ya kupiga, kwa hiyo matendo matatu ya kizembe ni mapigo matatu.

Yote hayo ni kweli. Kosa ni kukomea hapo. Mpelelezi Agnes Baker, kila akipata hofu, anaweza kumdhuru adui aliye mahali pake, mara moja kwa kila awamu. Uganga wa Shrivelling unampa hofu 1 ikitokea kete ya fuvu, waumini, kibao, mzee wa kale (hayumo kwenye mfuko ule) au kufeli. Kwenye mfuko ule ni kete 5 kati ya 16. Kwa mwingine ni gharama, kwake ni pigo la pili. Sharti hofu ikae juu ya Agnes mwenyewe. Ukiisukuma kwa kadi ya rafiki iliyo mezani, uwezo haufunguki.

Mfano ninaoutumia kufundisha ni wa mpelelezi mwingine, Roland Banks. Anakabiliwa na Ghoul Minion, zimwi dogo lenye afya 2, kipigo chake dhara 1 na hofu 1. Mezani ana Guard Dog, mbwa mwenye afya 3 na utimamu 1, ambaye adui akimdhuru kwa kumshambulia, mbwa anamrudishia dhara 1. Roland pia ana udhaifu wake, Cover Up, uliobaki na dalili 2. Kisa kikiisha zikiwa bado hapo, anapata kovu la akili. Mahali alipo pana dalili 1.

Roland anatoa tendo la kwanza kuiweka bastola mezani. Zimwi linapiga. Dhara analiweka kwa mbwa, hofu anaibeba mwenyewe, maana mbwa akipewa hofu hiyo moja anakufa. Mbwa anang'ata: zimwi lina afya 1. Bastola imeshatoka. Tendo la pili, Roland anachukua rasilimali 1. Zimwi linapiga tena, mbwa anapokea dhara la pili, anang'ata, zimwi linaanguka. Mbwa ni kadi ya Roland, kwa hiyo aliyemwangusha adui ni Roland, na uwezo wake unafunguka: agundue dalili 1 mahali alipo. Lakini Cover Up inasema, badala ya kuigundua, unaweza kuondoa dalili juu ya kadi hiyo.

Hapa wanaojifunza hunyoosha mkono kwenye dalili ya mahali. Neno ni badala. Dalili ya mahali inabaki ilipo, inatoka moja ya Cover Up. Na kama mahali pale pasingekuwa na dalili hata moja, pasingekuwa na cha kugundua, wala cha kubadilisha. Roland amebakiza tendo moja, bastola ina risasi 4 na dalili ya sakafuni bado ipo. Anachunguza.