Onyo la umakini wa dereva: gari linakwambia nini?

Nilikuwa kiti cha mbele, tumeshapita Gede tukielekea Malindi, dereva ameinamia ujumbe wa M-Pesa mapajani. Gari likalia. "Usijali mzee," akaniambia, "linataka kadi." Magari mengi yatokayo Japani, ukiyawasha, husema kwa Kijapani kwamba kadi ya kulipia barabara za kule haijatiwa. Madereva wetu wamezoea kuipuuza sauti hiyo, na sasa wanapuuza kila mlio.

"Halitaki kadi, mwanangu. Linakutaka wewe."

Onyo la umakini ni mlio, taa au mtetemo wa usukani unaotolewa gari linapoona dalili kwamba dereva hayuko na barabara. Mifumo mingine husoma usukani: mwenye usingizi huuachia kidogo, kisha huurudisha kwa kushtuka. Hapo ndipo kwenye magari kadhaa huwaka picha ya kikombe cha kahawa. Mingine ina kamera ndogo karibu na usukani, yenye mwanga usioonekana kwa macho, hata gizani inafuatilia uso na macho ya dereva yanaelekea wapi.

Ulaya imeuweka mfumo wa kamera katika sheria, kuanzia Julai 2024 kwa aina mpya za magari. Ukienda kilomita 50 kwa saa au zaidi, macho yakitazama chini kwa sekunde 3.5, lazima gari likuonye. Sekunde hizo ni chache ukizihesabu umekaa barazani. Kwa mwendo wa 80, ni karibu mita 78 za lami ambazo hukuziona, na njia ile ya Malindi ina watoto wa shule, baiskeli na mbuzi.

Wapo wanaoogopa kwamba kamera inawachongea kwa polisi. Sheria hiyo ya Ulaya inakataza habari zake kupewa mtu mwingine; hubaki humo humo garini. Wengine hukasirika inapolia bila sababu, na kweli hukosea, hasa dereva akivaa miwani myeusi au jua likimpiga usoni. Lakini ninaowahofia zaidi ni wale wanaodhani ikinyamaza basi wako salama. Kamera huona uso na macho tu. Dereva aliyetoka nyumbani kwa ugomvi anaweza kuikodolea lami mpaka daraja la Sabaki, roho yake imebaki mlangoni, na gari lisitoe hata mlio mmoja.