Maji yakishachemka, punguza moto: tulivyopima mkaa jikoni kwetu Bombo

Naishi Bombo, nchini Uganda, kando ya barabara inayotoka Gulu kwenda Kampala. Usiku malori ya mkaa hupita hapa, magunia yamepangwa hadi juu na turubai linapigapiga kwa upepo. Kazi yangu ni nishati ya kupikia. Naingia majumbani na mizani ya kuning'iniza, napima mkaa wa asubuhi, na kesho yake narudi kupima uliobaki, siku tatu nne mfululizo. Kwa hiyo mtu akiniuliza aanzie wapi kutunza mazingira nyumbani, simwambii habari za mirija ya plastiki. Nampeleka kwenye sigiri, jiko letu la mkaa.

Sababu iko kule mkaa unakochomwa. Mwingi wa mkaa wetu hutoka kwenye tanuri la udongo: magogo yanapangwa, yanafunikwa kwa nyasi na udongo, kisha yanaachwa yafukute kwa siku kadhaa. Tanuri la namna hiyo hula kilo 6 hadi 10 za kuni ili litoe kilo 1 ya mkaa. Theluthi mbili au zaidi ya nguvu iliyokuwa ndani ya ule mti imeshapotea porini kabla gunia halijashonwa mdomo. Na si mti wowote tu. Wachomaji hupenda mti mzito, ndiyo maana huko kaskazini na West Nile, pembe ya kaskazini-magharibi ya nchi, wamefikia kukata hata mshia, ule unaotoa mafuta ya moo yao ambayo akina mama hupikia na kujipaka. Mti huo huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa, na kuukata ni kazi ya asubuhi moja. Mei 2023 Rais Museveni alitoa amri ya kuzuia biashara ya mkaa katika maeneo ya Acholi, Lango, Teso, West Nile na Karamoja. Malori bado nayasikia, kwa sababu wanunuzi ni sisi, na jioni lazima watu wale.

Nianze na maji, maana hapo ndipo mkaa mwingi unapoteketea bila mtu kuona.

Kampala na vitongoji vyake viko kwenye kimo cha mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwenye kimo hiki maji huchemka yakifika nyuzijoto 96 hivi, si 100. Yakishafika hapo hayapandi tena, hata uchochee moto namna gani. Maharage yaliyo kwenye sufuria inayotokota kwa kishindo na yale yaliyo kwenye sufuria inayotokota taratibu yanapikwa kwa joto lile lile. Moto wa ziada unatengeneza mvuke tu, na mvuke ni ghali mno: kuigeuza lita moja ya maji yanayochemka iwe mvuke wote kunataka nguvu karibu mara saba ya ile iliyoyatoa kwenye baridi yakachemka.

Shangazi yangu alipokuja kutoka Koboko, huko West Nile, nilimwomba tupime pamoja. Yeye anapika kama wengi wetu tulivyofundishwa: mlango wa sigiri, ule wa chini unaopitisha hewa, wazi tangu mwanzo hadi mwisho, kifuniko kinarukaruka, na kila maji yakipungua anaongeza mengine ya baridi. Nilipogusa ule mlango aliniambia, "Mwanangu, moto ukilegea maharage yatagoma." Siku ya kwanza nikamwacha apike alivyozoea, kilo moja ya maharage makavu yasiyolowekwa. Ilikwenda kilo moja na nusu ya mkaa, na muda wa saa tatu kasoro. Jioni tukaloweka kilo nyingine. Asubuhi tukamwaga yale maji, tukabandika, na sufuria ilipochemka tukaurudisha mlango mpaka ikabaki nafasi ya kidole, tukafunika, na juu ya kifuniko tukaweka jiwe dogo. Maharage yaliiva kabla ya saa mbili kwisha. Nilipotundika mkaa uliobaki kwenye mizani, tulikuwa tumetumia kama gramu 700. Shangazi akaisoma ile mizani mwenyewe, akaniambia nitundike tena. Nikatundika tena.

Kuloweka peke yake hakutoshi kama maharage ni ya zamani. Yakikaa miezi mingi kwenye stoo yenye joto na unyevu huwa magumu kwa ndani, na utayapika mpaka maganda yapasuke huku kiini hakilainiki. Muulize muuzaji ni ya msimu gani. Hilo swali moja laweza kukuokolea mkaa kuliko jiko jipya.

Jiko jipya nalo lina maana yake, nisieleweke vibaya. Sigiri lenye bitana ya udongo wa kuchomwa huhifadhi joto vizuri zaidi kuliko lile la bati tupu, na likichaguliwa kwa ukubwa unaolingana na sufuria yako hulipa gharama yake. Ila nimeshaingia kwenye nyumba nyingi ambamo jiko bora linakula mkaa kama la zamani, kwa sababu mlango wake haujawahi kufungwa.

Kuna maji ya kunywa pia. Karibu kila nyumba ninayoingia maji yanachemshwa dakika 15, mengine 20, kwa imani kwamba vijidudu vinahitaji kuteswa. Havihitaji. Maji yakichemka kwa nguvu, uso wote unafurukuta, dakika 1 inatosha. Kwenye miinuko ya mita 2,000 hivi, kama Kabale, acha dakika 3. Yaliyozidi hapo ni mkaa umechomwa bure. Usafi unaobaki ni wa chombo: dumu lililosuguliwa, lenye kifuniko, na kikombe kinachochota bila mkono kuzama ndani. Maji yakiwa maangavu na jua ni kali, chupa ya plastiki isiyo na rangi ikilazwa juu ya bati kwa saa 6 husafisha maji bila moto wowote. Mawingu yakitanda, iache siku mbili. Maji ya tope usiyajaribu kwa njia hiyo.

Sasa kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Sheria ya Mazingira ya 2019 imezuia mifuko ya plastiki yenye unene chini ya mikroni 30, na tunajua sote jinsi inavyopatikana bado sokoni. Kubeba kikapu ni jambo jema, sina la kuongeza. Linaloniumiza ni matumizi mawili ya jikoni. Kwanza, kuwashia mkaa kwa kaveera: moshi ule mweusi una sumu, na anayeuinamia mara nyingi ni binti wa nyumbani au mama mwenye mtoto mgongoni. Gunzi kavu la mahindi hushika moto vizuri, hata vijiti vikavu na kipande cha karatasi. Pili, kufunikia matoke kwa kaveera badala ya majani ya mgomba. Majani yanahifadhi mvuke, yanatoa harufu nzuri, na yakishatumika hurudi shambani. Plastiki iliyokaa saa nzima kwenye mvuke juu ya chakula cha watoto haina sababu ya kuwepo pale.

Na maganda ya yale matoke yanakwenda wapi? Tarehe 10 Agosti 2024 mlima wa taka wa Kiteezi, dampo lililokuwa likipokea taka za Kampala tangu 1996, uliporomoka baada ya mvua kubwa ukafunika nyumba. Zaidi ya watu 30 walikufa. Taka za Kampala kwa sehemu kubwa ni vitu vibichi vya jikoni na sokoni: maganda ya ndizi, ya viazi, ya mihogo, majani. Vikirundikwa vikakosa hewa huoza na kutoa gesi ya methani, na maji yake hulegeza lundo lote. Tangu siku ile siwezi kutazama ganda la ndizi likichanganywa na kaveera ndani ya gunia moja nikanyamaza.

Kwetu tuna ndoo mbili. Ya maganda haiingii kitu kingine chochote, na kila jioni mfuga mbuzi wa jirani huja kuichukua. Ameniomba jambo moja tu: asikute plastiki humo, maana mnyama akimeza kaveera halitoki, linajikusanya tumboni mpaka anakufa. Asiye na jirani mwenye mbuzi na achimbe shimo nyuma ya nyumba, atie maganda, ayafunike kwa majani makavu au udongo kila mara ili inzi wasijae. Ndoo ya pili imepungua sana. Zamani mwenye pikipiki ya taka alikuja kila Jumamosi, sasa tunamwita mara moja kwa mwezi.

Umeme naulizwa kila siku. Umeme wetu kwa sehemu kubwa unatokana na maji ya Nile, na bwawa la Karuma la megawati 600 lilizinduliwa 2024. Tangu 2022 ipo bei ya kupikia kwa majumbani: ukivuka yuniti 80 kwa mwezi, zinazofuata hadi 150 hutozwa nafuu. Watu wengi hawalijui hilo, wanaona jiko la umeme ni la matajiri. Kifaa ninachokipendekeza ni sufuria ya presha ya umeme. Kwa kuwa imefungwa, maji ndani yake hupita nyuzijoto 110, na hapa kwetu yanapochemkia 96 tofauti hiyo ni kubwa sana. Maharage yaliyolowekwa huiva chini ya saa moja kwa umeme usiofika yuniti moja. Mwite fundi akague waya kwanza, usiichomeke kwenye ile kebo ya upanuzi nyembamba yenye simu nne na redio.

Shangazi aliporudi Koboko hakubeba sufuria ya presha. Umeme wa kule haumpi uhakika. Alibeba mizani yangu ya akiba na mkebe wa bati wenye kifuniko. Akimaliza kupika hutia makaa yaliyobaki ndani ya ule mkebe, anaufunika yakose hewa na kuzimika, na kesho yake anaanza nayo. Zamani aliliacha sigiri liwake lenyewe mpaka majivu, na siku za baridi aliliingiza chumbani. Hilo la chumbani nilimsihi aliache kabisa, kwa sababu hewa ya mkaa huua mtu akiwa usingizini na haina harufu ya kumwamsha. Juzi alinipigia simu kunisomea namba za wiki nzima.