Whitney Houston hakuzaliwa anajua kuimba jamani

Nafundisha watu kuimba. Nina chumba kimoja, kinanda na feni, na kila baada ya wiki mbili tatu anakuja mtu mpya, anajaribu noti ya juu inampasukia, anakaa chini halafu anasema ile sentensi: "Ticha, mi sitaweza, sina damu ya muziki kama Whitney." Wiki iliyopita nimeisikia mara tatu, na ya tatu ilitoka kwa mama wa mwanafunzi aliyekuja kuuliza kama kuna haja ya kulipa ada wakati kwenye ukoo wao hajawahi kutokea mwimbaji hata wa msibani. Nimechoka kujibu kwa mdomo.

Haya, damu. Familia ya Whitney Houston, yule mwimbaji wa Marekani, ilikuwa ya muziki, hapo sibishi. Mama yake Whitney ni Cissy Houston, kwao ni Drinkard, na akina Drinkard walikuwa ndugu wanaoimba injili pamoja tangu Cissy akiwa mtoto mdogo kabisa. Baadaye Cissy akawa na kundi la Sweet Inspirations, wale waitikiaji waliosimama nyuma ya Aretha Franklin na Elvis Presley. Sikiliza "Ain't No Way" ya Aretha ya 1968, ile sauti nyembamba inayopaa huko juu kama filimbi ndo Cissy mwenyewe. Dada yake Cissy ndo amemzaa Dionne Warwick, mwimbaji mwingine mkubwa, yaani Whitney na Dionne ni watoto wa mama mkubwa na mama mdogo, kwetu hao ni dada tu wala hamna mjadala. Watu wakifika hapa wanapiga makofi, si unaona ticha, damu hiyo.

Sasa subiri, maana kipande kinachofuata kila mtu anakiruka. Cissy alikuwa anaongoza muziki wa kanisa la New Hope Baptist pale Newark, New Jersey, na huyu mtoto amekulia ndani ya ile kwaya. Aliyewahi kuimba kwaya anajua maana yake: mazoezi katikati ya wiki umechoka, ukikosea unasimamishwa uimbe sehemu yako peke yako wenzio wanakuangalia, na yeye bahati mbaya (au nzuri) mwalimu wa kwaya analala naye nyumba moja kwa hiyo hata ukitoroka mazoezi unakutana naye kwenye chakula cha usiku. Akiwa na miaka 11 ndo akapewa kuimba solo, yaani peke yake mbele ya watu, kanisani. 1978 bado binti wa shule anaimba kwenye "Life's a Party" ya Michael Zager Band. Halafu akawa anasimama nyuma ya mama yake kwenye klabu za usiku New York, anaitikia, anapewa wimbo mmoja mmoja wa kuimba mbele, anarudi nyuma tena kuitikia. Mkataba na Arista, kampuni ya kurekodi muziki, kasaini 1983 akiwa na miaka 19, na albamu ya kwanza haikutoka mpaka Februari 1985. Hesabu mwenyewe, kutoka ile solo ya kanisani mpaka albamu ni kama miaka kumi, na bado albamu yenyewe ilisota mwaka mzima kabla haijashika namba moja Marekani, Machi 1986. Wewe umekuja madarasa manne unaniambia damu.

Halafu kuna kitu kingine huwa nawauliza wanafunzi na hawanijibu. Whitney alikuwa na kaka zake, tumbo lilelile. Mmoja wao, Gary Garland, alicheza mpira wa kikapu mpaka akafika NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani, kwa Denver Nuggets, na baadaye akawa anamwitikia dada yake jukwaani. Anaimba vizuri, ndiyo. Lakini kama damu ingekuwa inaimba yenyewe si ile nyumba ingetoa Whitney wawili watatu?

Kile ambacho familia ilimpa kweli ni masikio. Kukua unasikia sauti nne zinapangwa sebuleni, unajua alto (sauti ya chini ya wanawake) ikiteleza kidogo tu, na kuna mtu anakurekebisha palepale kabla kosa halijawa mazoea. Hicho ndo kitu ghali, na kinafundishika, ila kinachukua muda na watu hawataki muda, wanataka ile sehemu ya mwisho ya "I Will Always Love You". Kila mtu! Anaingia mlangoni hajavua hata viatu anataka kupiga ile "and I" kwa koo, mishipa imesimama shingoni kama anabeba gunia la mahindi. Mimi chumbani kwangu huo wimbo nimeupiga marufuku miezi sita ya kwanza, wengine wananuna na wanune. Rudi usikilize mwanzo wake, hakuna ala hata moja, ni yeye peke yake, sauti ndogo, anavuta pumzi taratibu, anaacha nafasi kati ya maneno, wala haendi mbio kwenda popote. Ile noti kubwa inakuja mwishoni baada ya kimya na pigo moja la ngoma, ki inapanda, yaani wimbo mzima unahamia juu zaidi, na inakuuma kwa sababu muda wote huo alikuwa anakubania. Ukianza kwa kupiga kelele utapanda wapi tena? Imba ubeti wa kwanza tu, mwezi mzima, umekaa, mkono tumboni. Na mwache kutafuna tangawizi mkidhani inasugua nyuzi za sauti, chakula kinapita njia nyingine kabisa, kingepita kwenye nyuzi ungepaliwa ufe. Kunywa maji, lala.

Mengine mnayosema kuhusu Whitney nayapitia haraka maana hayanikeri kiasi hicho.

Eti "I Will Always Love You" kautunga yeye. Hapana, ni wa Dolly Parton, mwimbaji wa country wa Marekani, ulitoka 1974, Whitney kaurudia kwa ajili ya filamu ya The Bodyguard ya 1992, na aliyependekeza wautumie ni Kevin Costner aliyecheza naye. Whitney hakuwa mtunzi kihivyo, kazi yake ilikuwa kuchukua wimbo wa mtu mwingine akauimba mpaka mkasahau mwenyewe.

Eti mkataba alitafutiwa na dada yake Dionne. Hapana, watu wa kampuni za muziki walimtaka mapema sana, akiwa bado mwanafunzi, na mama yake ndo aliyekuwa anawafukuza mpaka binti amalize shule.

Eti wimbo wa taifa wa Marekani pale Super Bowl ya 1991, fainali ya mpira wa Kimarekani, aliimba laivu. Sauti mliyoisikia ilirekodiwa kabla, uwanjani aliimba juu ya rekodi yenyewe. Na kabla hamjaanza kusema plebeki plebeki, uwanja wazi wenye makumi elfu ya watu sauti inakurudia imechelewa, hujisikii, ukifuata mwangwi umepotea. Sauti ni yake. Ujanja mkubwa wa siku ile ulikuwa kwenye mapigo, wimbo ule kwa kawaida unahesabiwa mapigo matatu matatu, wao wakauweka kwenye manne manne, ndo akapata nafasi ya kuvuta pumzi na kuweka manjonjo yake.

Eti mume wake, mwimbaji Bobby Brown, ndo alimfundisha madawa ya kulevya. Walioana Julai 1992. Kaka yake Whitney, Michael, alikiri mwenyewe kwa mtangazaji Oprah 2013 kwamba yeye ndo alimuingiza huko, miaka ya themanini. Bobby ana yake ya kujibu, hilo siyo lake. Na mkiniuliza mimi kuhusu ile sauti iliyokwaruza mwishoni, ile ya ziara ya 2010, msisahau na sigara, alivuta miaka na miaka, nanyi mnavuta nje ya mlango wangu halafu mnaingia kuimba, harufu naisikia.

Eti kifo chake ni Freemason, kafara, sijui Iluminati, nitajibu mara moja. Alifariki 11 Februari 2012 hotelini Beverly Hilton akiwa na miaka 48, na taarifa ya uchunguzi ilisema alizama kwenye maji bafuni kwa ajali, ugonjwa wa moyo na kokeini vikichangia. Kafara haimo.

La mwisho ni la harusini. Dolly aliuandika ule wimbo akiagana na Porter Wagoner, bosi wake wa kazi, anamwambia naondoka nisije kukuwekea kizuizi, nakutakia heri. Ni wa kuaga! Juzi nimekaa ukumbini bwana na bibi harusi wanaingia nao, MC anashangilia, mashangazi wanapunga vitambaa, na mimi pale kwenye meza ya nyuma nikabaki nafuata maneno, mwenzangu wa pembeni akauliza ticha mbona huchezi, nikamwambia ngoja kwanza, hawa wanaachana.