Gracie Allen hakuwa mjinga, jamani

Kila nikisimamia mazoezi ya mchezo wa redio wenye mume na mke, hakosekani wa kusema: "Nimeelewa, kama George na Gracie. Mume mwerevu, mke mjinga." Kisha anabana pua na kuanza kuongea kitoto. Nimechoka.

Ya haraka kwanza. George Burns na Gracie Allen walianza pamoja kwenye majukwaa ya vichekesho ya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakaoana Cleveland Januari 1926, wakashika redio ya CBS mwaka 1932 na kuhamia televisheni 1950. Na lile "Goodnight, Gracie" (usiku mwema, Gracie) mnalopenda kudai Gracie alilisema mwenyewe kufunga kipindi? George akimwambia aage, Gracie aliaga tu. Jina lake hakulitaja. Tuendelee.

Mwanzoni panchi zote, yaani mistari ya kuchekesha, zilikuwa za George, Gracie kazi yake kuuliza. Watazamaji wakacheka maswali, majibu yakapita kimya. George akageuza skripti: panchi kwa Gracie, maswali kwake. Watu wakifika hapo hudhani alijishusha cheo. Hawajawahi kusimama mbele ya maiki.

Chukua mfano huu, nimeutunga mwenyewe kwa mtindo wao, mume anaanza, mke anajibu:

— Saa ya ukutani iko nyuma saa nzima.
— Najua. Nimeirudisha mimi.
— Umeirudisha?
— Mjomba anakuja kula. Huwa anachelewa saa nzima. Leo atawahi.
— Na treni yangu ya saa mbili?
— Kwani treni nayo inakuja kula?

Mjinga yuko wapi hapo? Mke ana tatizo, kalitatua, na hesabu yake imekaa sawa, ila kaanzia mahali ambapo wewe usingeanzia. Ndiyo maana hashtuki wala haombi radhi. Mwigizaji akitia sauti ya kijinga, keshamwambia msikilizaji "huyu hajui asemalo", na mzaha umekufa kabla ya panchi. Gracie alisema mistari yake harakaharaka, kwa sauti nyembamba isiyo na shaka, kama mtu anayekuelekeza njia ya kwake.

Halafu lile "Umeirudisha?" Waandishi wapya hulifuta ili kuokoa sekunde. Msilifute! Redioni hakuna uso wa kuutazama. Neno hilo moja ndilo linalompa msikilizaji nafasi ya kuiona saa, na ndilo linalomtega asubiri sababu. Burns alikuwa bingwa wa kurudia maneno ya mkewe namna hiyo, kikavu kabisa. Ukiongeza mshangao, umemwibia mwenzako cheko. Ukipunguza mno, msikilizaji amebaki nyuma. Nimeona waigizaji wazuri wakishindwa hapo, kwa sababu kila mmoja anataka kuchekesha.

Sasa kuna jambo halinikai vizuri. Waliocheka miaka ile, wangapi walicheka hoja zake na wangapi walimcheka mwanamke tu? Kicheko cha studio hakitenganishi. Mwaka 1940 Gracie aligombea urais kwa mzaha, chama chake kikiitwa Surprise Party (kwa Kiingereza pia ni sherehe ya kushtukiza) na nembo yake kangaruu, na sehemu ya utani ilikuwa kwamba mgombea ni mwanamke. Maelezo yangu yote ya kiufundi hayalisafishi hilo.

Vilevile ile hadithi ya George kuhusu miaka ya Vita vya Pili vya Dunia. Hadi wakati huo hewani walikuwa hawajaoana. Walitaniana kama vijana wanaopendana. Wasikilizaji wakapungua, George akagundua kwamba mizaha ni ya vijana na wao umri umekwenda. Wakawa mume na mke redioni, mambo yakanyooka. Mchekeshaji akisimulia maisha yake, hadithi hutoka nyoofu kupita kiasi, kwa hiyo hii siimezi nzima. Ila kazini naikubali: mchumba akichoshwa na majibu huchukua kofia yake akaenda. Mume anaishi humohumo, hivyo lazima aulize tena, na kila akiuliza mnapata mzaha mwingine.

Gracie alistaafu 1958. George akaendelea kwenye televisheni na karibu waigizaji walewale, kipindi kikadumu msimu mmoja. Wanaodai mume ndiye aliyembeba mke waanze kwa kuutazama msimu huo, ndipo waje mazoezini.