Pefti: kunasa makosa ya programu ya chesi kwa kuhesabu

Pefti ni hesabu ya njia zote halali ambazo mchezo unaweza kupita, kuanzia mkao fulani wa kete hadi kina unachochagua, yaani idadi ya hatua, kila hatua ya mweupe au ya mweusi ikihesabiwa moja. Haijali nani anashinda. Kwenye chesi ya kawaida mweupe ana hatua 20 za kuanzia. Mweusi akishajibu, njia zinakuwa 400. Kina cha 3 ni 8,902, cha 4 ni 197,281, cha 5 ni 4,865,609. Namba hizi hazibadiliki. Programu yako ikipungukiwa hata na moja, kuna sheria umeikosea, hata kama inakufunga kila siku.

Kijana mmoja wa Mwanga, hapa Kigoma, anaandika programu ya Crazyhouse. Hiyo ni aina ya chesi ambayo kete unayoila inageuka kuwa yako na kukaa akibani. Zamu yako ikifika unaweza kuipachika kwenye nyumba iliyo wazi badala ya kusogeza kete nyingine (askari tu ndiye hapachikwi mstari wa kwanza wala wa nane). Akaja anacheka: "Kaka, namba zimekubali mpaka kina cha nne!"

Zimekubali, ndiyo, ila Crazyhouse yenyewe ilikuwa bado haijapimwa. Mweupe hawezi kula kabla ya hatua ya 3, na alichokula hakirudi ubaoni kabla ya hatua ya 5. Hadi kina cha 4 michezo yote miwili ina namba zilezile. Inaachana kina cha 5, ambapo Crazyhouse inatoa 4,888,832. Ile ziada ya 23,223 ni njia zinazoishia mweupe akipachika kete. Programu ya kijana ilitoa 4,865,609, yaani chesi tupu: sehemu ya kupachika ilikuwa imeandikwa, lakini haiitwi popote.

Alipoiunganisha, namba ikavimba, tena kuanzia kina cha 3, ambako hakuna mwenye haki ya kupachika chochote. Programu hujaribu hatua, huhesabu, kisha huirudisha nyuma. Yake ilirudisha kete iliyoliwa ubaoni bila kuitoa akibani, hivyo njia iliyofuata ikakuta askari wa bure.

Kosa kama hilo unalifuata kwa kugawa hesabu. Andika jumla ya kila hatua ya kwanza peke yake, ulinganishe na programu inayoaminika. Kwa Crazyhouse, Fairy-Stockfish, programu inayocheza aina nyingi za chesi, inatosha. Zikitofautiana kwenye e2-e4 (askari wa nyumba e2 kwenda e4), cheza e2-e4, punguza kina kwa kimoja, gawa tena. Mwishowe unabaki na mkao mmoja na hatua moja iliyozidi au kupungua. Inashinda kukodolea macho msimbo wa programu usiku kucha.

Mkao wa kuanzia hauonyeshi kila kitu, lakini. Malkia aliyetokana na askari akiliwa, anaingia akibani kama askari, na kina cha 5 hakifiki huko. Sheria hiyo inataka mkao mwingine, wenye askari aliyebakiza nyumba moja kufika mwisho na adui anayeweza kumla akishafika.